Rangi ya chupa ya dawa haijibu maswali yote

UKIINGIA katika duka la pembejeo mjini Singida wakati vitunguu viko shambani, utakuta chupa na pakiti za viuatilifu zimepangwa kwenye rafu, kila moja ikiwa na mstari wa rangi chini ya kibandiko chake. Ziko za njano, za bluu na za kijani.

Wakulima wengi wameshaambiwa maana ya rangi hizo kwa ufupi: nyekundu ni sumu kali, kijani haina neno. Basi mtu akipata ya kijani huifungua kwa mikono mitupu, huikoroga kwa kijiti ndani ya ndoo ya nyumbani, na jioni ndoo hiyo hiyo hurudi kuchotea maji.

Maelezo hayo si ya uongo, lakini ni nusu ya ukweli. Rangi ile iliwekwa ijibu swali moja tu: mtu akiimeza sumu hii au ikimwagikia leo, itamdhuru upesi kwa kiasi gani? Haisemi lolote juu ya miaka kumi ijayo, juu ya mtoto aliye tumboni, wala juu ya nyuki wa jirani.

Kwa mkazi wa Singida hili si somo la darasani. Mkoa huu unajulikana kwa alizeti, vitunguu na asali. Wilaya za Iramba na Mkalama zinalima pamba, na dhahabu inachimbwa Sekenke, Londoni, Sambaru na kwingineko. Familia moja inaweza kuwa na shamba la vitunguu, mizinga michache porini, kijana mmoja kwenye mashine ya kukamua alizeti na mwingine kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Kila mmoja wao anakutana na sumu au hatari ya aina yake, na kila moja ina alama zake. Anayezisoma vibaya hulipa kwa afya yake, na mara nyingi kwa mfuko wake pia.

Makala haya yanaeleza jinsi hatari hizo zinavyopangwa katika madaraja, alama zake zinasema nini, na ni mahali gani zinanyamaza.

Rangi nne zilitoka wapi?

Msingi wa rangi hizo ni utaratibu uliopitishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 1975 wa kuviweka viuatilifu katika madaraja kulingana na ukali wake. Kipimo kinachotumika ni kiasi cha sumu, kwa miligramu, kinachoweza kuua nusu ya panya wa maabara kwa kila kilo moja ya uzito wao. Kiasi hicho kikiwa kidogo, sumu ni kali. Kikiwa kikubwa, sumu ni hafifu.

Sumu iliyo kali kupindukia ni ile inayoua kwa chini ya miligramu 5 ikimezwa. Hiyo ni daraja la Ia. Inayofuata, daraja la Ib, ni kuanzia miligramu 5 hadi 50. Madaraja haya mawili hupewa rangi nyekundu. Daraja la II, yaani ukali wa kati, ni zaidi ya 50 hadi 2,000, na rangi yake ni njano. Daraja la III ni zaidi ya 2,000, rangi yake bluu. Mwisho ni kundi la U, kuanzia 5,000 na kuendelea, ambalo hupewa rangi ya kijani.

Tuyaweke mahesabu hayo katika lugha ya nyumbani. Chukua mtu mzima mwenye uzito wa kilo 70, na tuseme mwili wake unaipokea sumu kama wa panya, jambo ambalo si lazima liwe hivyo. Kwa sumu ya daraja la Ia, gramu 0.35 zinatosha kumweka katika hatari ya kufa, na hiyo haifiki sehemu ya kumi ya kijiko cha chai. Kwa sumu ya njano, kiasi hicho ni kuanzia gramu 3.5 hadi gramu 140, yaani kuanzia chini ya kijiko kimoja cha chai hadi karibu nusu ya chupa ya soda.

Hapo mkulima anaona jambo la kwanza la kujifunza. Chupa mbili zenye mstari wa njano ule ule zinaweza kutofautiana ukali mara 40. Na kwa mtoto wa kilo 10 anayecheza karibu na bomba la kupulizia, gramu 3.5 za baba yake zinageuka kuwa nusu gramu.

Njano inayoua, kijani inayosubiri

Mfano mzuri wa kasoro ya kutegemea rangi peke yake ni parakwati, ambayo kwenye kibandiko huandikwa paraquat. Ni dawa ya kuulia magugu iliyotumika katika nchi nyingi duniani. Katika orodha ya WHO imo daraja la II, rangi ya njano, sawa na dawa nyingi za wadudu ambazo mkulima amezizoea.

Hata hivyo, madaktari wanaijua kwa sifa nyingine. Funda moja la parakwati ambayo haijachanganywa na maji linaweza kumuua mtu mzima, na hakuna dawa inayoweza kuiondolea nguvu ikishaingia mwilini. Huharibu mapafu na figo, na mgonjwa anaweza kukaa siku kadhaa akiwa na fahamu zake huku akizidiwa. Panya alistahimili zaidi kuliko binadamu, na rangi ilifuata panya. Katika Umoja wa Ulaya parakwati haitumiki tangu mwaka 2007.

Upande wa pili iko mankozebu, dawa ya ukungu ambayo wakulima wa vitunguu na nyanya wanaifahamu. Kwa kipimo cha WHO imo kundi la U. Mstari wake ni kijani, kwa kuwa kumeza kiasi kidogo hakumuui mtu siku hiyo. Lakini mwezi Desemba 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutoiongezea kibali cha matumizi, baada ya wataalamu wake kuiweka katika kundi la kemikali zinazodhuru uzazi na kuvuruga homoni za mwili.

Je, rangi ya kijani ilidanganya? Hapana. Iliulizwa swali la leo ikajibu la leo. Swali la mama mjamzito anayepalilia shamba lililopuliziwa jana halikuwamo katika mtihani ule.

Kuna jambo jingine ambalo rangi haisemi, nalo ni namna ya kumtibu aliyeathirika. Sumu mbili za rangi moja zinaweza kuwa za koo mbalimbali kabisa. Profenofosi, inayotumika dhidi ya wadudu wanaofyonza majani ya vitunguu, ni ya jamii ya ogano-fosfeti, na hospitali inaweza kutumia atropini kupambana nayo. Parakwati, ya njano vile vile, haina tiba ya namna hiyo. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba mtu akidhurika, chupa yenye kibandiko ipelekwe hospitali pamoja naye. Jina la kiambato lililoandikwa kwa herufi ndogo linaweza kumsaidia mganga kuliko rangi.

Nyuki hawamo kwenye mtihani

Tuje kwenye asali. Singida ni miongoni mwa mikoa inayosifika kwa ufugaji nyuki, hasa ukanda wa Manyoni na vichaka vya Itigi. Wakati huo huo alizeti, zao ambalo limeubeba mkoa, linahitaji sana nyuki na wadudu wengine wa kubeba chavua ili vichwa vijae mbegu. Mfuga nyuki na mkulima wa alizeti ni washirika hata kama hawajawahi kusalimiana.

Sasa, mtihani wa WHO ulifanyiwa panya kwa ajili ya kumkadiria binadamu. Nyuki hakuwamo. Imidaklopridi, kwa mfano, ni daraja la II kwa binadamu, lakini kwa nyuki ni sumu kali kupita kiasi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake ya nje mashambani mwaka 2018, pamoja na viambato vingine viwili vya jamii hiyo, kwa sababu ya nyuki.

Hata ile alama ya kimataifa ya mti mkavu na samaki aliyekufa haimtetei nyuki. Alama hiyo inahusu viumbe wa majini. Habari za nyuki hupatikana katika maelezo ya maandishi tu, mara nyingi kwa sentensi moja inayokataza kupulizia wakati mimea imechanua. Mkulima asiyesoma sentensi hiyo anaweza kuua makundi ya nyuki ya jirani yake, halafu msimu wa mavuno akashangaa kwa nini vichwa vyake vya alizeti vina mapepe katikati.

Kinga yake haina gharama. Usipulizie alizeti iliyochanua. Ikibidi kupulizia jirani na mazao yaliyochanua, fanya hivyo jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani, na mwenye mizinga apewe taarifa mapema.

Vidonge vya ghalani

Baada ya mavuno hatari nyingine huhamia ndani ya nyumba. Wapo wanaohifadhi mahindi kwa vidonge vya fosfidi ya alumini. Vidonge hivi vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua wadudu.

WHO haikuviweka viuatilifu vya gesi vya aina hii katika madaraja yake ya rangi, kwa sababu kipimo cha kumeza hakiwezi kueleza hatari ya kitu kinachoua kwa kuvutwa puani. Kwa hiyo asiyeona mstari mwekundu asijifariji.

Fosfini haijui mlango wa chumba. Hupita kwenye nyufa za ukuta na matundu ya dari. Magunia yaliyowekewa vidonge hivi kamwe hayapaswi kukaa katika nyumba wanamolala watu, hata kama ni chumba cha pili, na kazi yenyewe ni ya mtu aliyefundishwa. Kwa kaya ya kawaida, mifuko isiyopitisha hewa inahifadhi mahindi bila sumu yoyote. Wadudu hufa kwa kukosa hewa.

Alama tisa za dunia nzima

Kutokana na kila nchi na kila sekta kuwa na alama zake, Umoja wa Mataifa ulikubaliana mwaka 2002 juu ya mfumo mmoja wa kuainisha kemikali na kuziwekea alama, unaojulikana kwa kifupi cha GHS. Mfumo huu una picha tisa, kila moja ndani ya umbo la almasi lenye mpaka mwekundu.

Picha tano zinahusu zaidi tabia ya kemikali yenyewe: bomu linalopasuka ni mlipuko, mwali wa moto ni kitu kinachowaka, mwali juu ya duara ni kitu kinachochochea moto wa vingine, mtungi ni gesi iliyoshindiliwa, na matone yanayokula mkono na chuma ni kemikali inayounguza. Tatu zinahusu afya: fuvu na mifupa ni sumu inayoua upesi, alama ya mshangao ni madhara madogo zaidi kama muwasho, na mtu mwenye nyota kifuani ni madhara ya muda mrefu. Ya tisa ni ile ya mti na samaki.

Kama unataka kukumbuka moja tu, kumbuka mtu mwenye nyota kifuani. Huyu ndiye anayejibu swali ambalo rangi za WHO haziligusi: saratani, uzazi, kurithisha madhara kwa watoto, na kuharibika kwa viungo polepole. Kemikali inaweza kukosa fuvu la mifupa lakini ikawa na nyota kifuani. Haitakuangusha leo, lakini inaandika deni.

Chini ya picha huwekwa neno moja la kuonya. Ukikuta "Hatari" jua ni kali zaidi, na ukikuta "Onyo" jua ni nafuu kidogo. Kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni kwa mafuta na kostiki soda wanaweza kuona picha ya matone yanayokula mkono pamoja na neno "Hatari". Maana yake ni miwani na glavu, na utaratibu wa kumimina soda kwenye maji kidogo kidogo. Maji hayamiminwi juu ya soda, kwani huchemka ghafla na kuruka usoni.

Kwenye karasha na mwalo

Dhahabu ya Sekenke, wilayani Iramba, ilianza kuchimbwa wakati wa Wajerumani, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Leo wachimbaji wadogo wanasaga mawe kwa karasha, wanaosha kwenye mwalo, wanakamata dhahabu kwa zebaki, kisha wanaunguza ili zebaki iondoke.

Katika hatua hizo kuna hatari tatu tofauti, na kila moja ina daraja lake.

Ya kwanza ni vumbi la mawe. Halina kibandiko wala chupa, kwa hiyo wengi hawalihesabu kuwa ni kemikali. Lakini vumbi laini la silika limewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, katika kundi la kwanza la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Pia huleta ugonjwa wa mapafu usiopona, silikosisi, na mwenye ugonjwa huo huwa rahisi zaidi kupata kifua kikuu. Kuloanisha mawe kabla ya kusaga hupunguza sana vumbi hilo.

Ya pili ni zebaki. Katika GHS inabeba fuvu la mifupa kwa ajili ya mvuke wake, nyota kifuani, na mti na samaki. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, hivyo pua haiwezi kuonya. Huathiri mishipa ya fahamu, figo na mtoto aliye tumboni. Anayeiunguza kwenye jiko la nyumbani anailisha familia nzima.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataja vitendo vinne vinavyotakiwa kukomeshwa katika uchimbaji mdogo: kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa, kuunguza hadharani bila chombo cha kukamata mvuke, kuunguza katika makazi ya watu, na kuchenjua kwa sianidi mchanga wenye zebaki bila kuiondoa kwanza.

Kitendo cha nne kinatufikisha kwenye hatari ya tatu, sianidi. Mchanga wa marudio, yaani mabaki ya mwaloni, hupelekwa kwenye vati ili sianidi itoe dhahabu iliyobaki. Sianidi inaua kwa dakika. Lakini ukali wake unategemea inachokutana nacho: ikikutana na asidi hutoa gesi ya kuua, na ikikutana na zebaki huiyeyusha na kuisambaza mbali zaidi kwenye maji. Kibandiko cha pipa la sianidi kinaeleza sianidi, na cha chupa ya zebaki kinaeleza zebaki. Mchanganyiko wa marudio hauna kibandiko. Hapo ni lazima mtu atumie akili yake na ushauri wa mtaalamu.

Mashine ya alizeti na mashudu

Sehemu za kazi nazo zina mpangilio wake. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), ulioanzishwa mwaka 2001, hutumia neno "vihatarishi" kwa vitu vyote vinavyoweza kuleta ajali au ugonjwa kazini. Kwa kawaida hugawanywa katika makundi: vya mitambo, vya kifizikia kama kelele na joto, vya kikemikali, vya kibayolojia, vya mkao na ubebaji wa mizigo, na vya kisaikolojia.

Tembelea mashine yoyote ndogo ya kukamua alizeti utayakuta karibu yote. Mkanda unaozunguka bila kizuizi ni wa kwanza. Kelele ni ya pili, na kipimo chake cha haraka ni hiki: kama inakubidi upige kelele ili mtu aliye umbali wa mita moja akusikie, masikio yako yako hatarini. Gunia linalobebwa mgongoni kutwa nzima ni la kundi la mkao. Kijana anayelala mashineni kwa kuwa msimu hauna usiku wala mchana anabeba kihatarishi cha kisaikolojia, na usingizi wake ndio utakaompeleka kwenye ule mkanda.

Iko pia hatari isiyotarajiwa na wengi: mashudu. Katika utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa kusafirisha mizigo ya hatari, mashudu ya mbegu za mafuta ambayo bado yana mafuta mengi au unyevu yamo katika daraja la 4.2, kundi la vitu vinavyoweza kupata joto vyenyewe na kuwaka bila kiberiti. Lundo kubwa lililofunikwa likiwa bichi linaweza kuungua kutoka ndani. Basi yapoe, yakauke, na malundo yawe madogo yenye njia ya hewa, hasa kabla ya kuyapakia kwenye lori la safari ndefu.

Utaratibu huo wa usafirishaji una madaraja tisa, na wakazi wa kandokando ya barabara kuu inayopita Manyoni, Singida na Shelui wanayaona kila siku bila kujua. Kwenye matangi ya mafuta kuna almasi nyekundu yenye mwali na namba 3, na mara nyingi namba 1203, ambayo maana yake ni petroli. Mwali huo ni amri ya kukaa mbali. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha.

Kihatarishi ni kimoja, madhara ni mengine

Baada ya kuzunguka kote huko, msomaji anaweza kuogopa kila kitu. Hapana haja. Wataalamu hutenganisha mambo mawili ambayo sisi kwa mazoea huyaita yote "hatari". Kihatarishi ni uwezo wa kitu kudhuru. Uwezekano wa kudhurika ni jambo la pili, nalo hutegemea unakutana nacho vipi, kwa kiasi gani na kwa muda gani.

Mzinga wa nyuki wakali ulioko porini na uliotundikwa juu ya mlango wa nyumba ni ule ule. Nyuki ni wale wale. Kilichobadilika ni nani anapita chini yake. Vibandiko, rangi na picha zinakueleza ukali wa nyuki. Mahali pa kutundika mzinga unapanga wewe.

Na katika kupanga huko kuna ngazi. Kwanza, jiulize kama unaweza kuachana na kitu hicho kabisa. Pili, kibadilishe kwa kilicho nafuu. Tatu, kitenge na watu kwa kifuniko, ukuta au bomba. Nne, panga saa na namna ya kufanya kazi. Glavu na barakoa ni ngazi ya mwisho, ingawa wengi huanzia hapo na kuishia hapo. Kwa mpulizia dawa, saa ya hatari zaidi ni ile ya kuchanganya, kwa sababu hapo anashika sumu kabla haijapata maji. Aliye na glavu jozi moja tu basi azivae wakati huo.

Kibandiko kikibaki dukani

Liko tatizo moja ambalo madaraja yote haya hayawezi kulitibu. Mkulima mdogo hana fedha za lita nzima. Anapimiwa kwa kifuniko, dawa inaingia kwenye chupa ya maji ya kunywa, na safari ya kijijini inaanza. Kibandiko kinabaki dukani, sumu inaenda nyumbani. Rangi, picha, jina la kiambato, onyo la nyuki, vyote vimeachwa. Mtoto mwenye kiu atajua nini?

Wauzaji na wakulima wanaweza kulimaliza hili kwa ushirikiano. Wakulima wanne wanunue chupa moja iliyofungwa na kugawana siku ya kupulizia shambani, chupa ikiwa mbele yao. Muuzaji naye anunue ujazo mdogo kutoka kiwandani badala ya kupima kwa kifuniko.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji maswali matano. Je, dawa hii imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA)? Kiambato chake ni kipi? Je, ina fuvu, au ina nyota kifuani? Inasemaje juu ya nyuki na maji? Na nikipulizia leo, nivune baada ya siku ngapi? Swali la mwisho ni la biashara moja kwa moja, kwani mzigo wenye mabaki ya sumu unaweza kukataliwa na soko linalopima.

Kwa wenye mashine na mialo, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake, na ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka huo huo imeweka usimamizi chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Tanzania pia iliridhia mwaka 1999 mkataba wa Shirika la Kazi Duniani unaompa mfanyakazi haki ya kujua kemikali anayoshika. Haki hiyo haina maana kama hajui kusoma alama zake.

Lugha yetu nayo imetuponza kidogo. Kitu cha kuua wadudu tunakiita "dawa", jina lile lile la kidonge cha malaria, na mtu haogopi dawa. Mkulima akiishika chupa hiyo, basi aanze kwa kuisoma. Rangi itamjibu swali moja. Mengine manne aulize.